Umeambiwa kinundu cha shingo kinatia shaka: mwongozo kamili wa kuamua kuhusu upasuaji

Swali linakuja likiwa fupi kila mara: “Nimeambiwa nifanyiwe operesheni ya shingo, nikubali au nikatae?” Ukiuliza ripoti ya sindano inasemaje, unajibiwa kwamba daktari alisema si nzuri. Ukiuliza kinundu kina sentimita ngapi, hakuna anayejua, karatasi imebaki kwenye faili. Anayekubali anakubali kwa hofu, anayekataa anakataa kwa hofu, na wote wawili hawawezi kueleza walichokiamua.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wagonjwa wa Moshi, Arusha na vijiji vya milimani ambao wameshaambiwa kwamba kinundu kwenye tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, kinatia shaka. Haukuamulii. Unakufikisha mahali ambapo unaweza kumweleza mwenzi wako, kwa sentensi chache, unachotaka kufanya na kwa nini.

## Vitu vya kukusanya kwanza

- Ripoti ya ultrasaundi ya shingo iliyoandikwa, si picha peke yake. Iwe na vipimo vya kinundu kwa sentimita au milimita, na iseme lolote kuhusu matezi ya limfu ya pembeni mwa shingo.
- Jibu la damu la TSH, homoni inayoiamuru tezi hii kufanya kazi.
- Ripoti ya FNA, yaani kipimo cha sindano nyembamba, yenye namba ya Bethesda (I hadi VI, inayoonyesha uwezekano wa kansa).
- Orodha ya dawa zote unazotumia, za duka na za mitishamba.
- Kadi ya bima na karatasi ya rufaa.
- Daftari, na mtu mmoja mtulivu wa kuingia naye kwa daktari.

Nakala za ripoti zako unaruhusiwa kuziomba. Sema tu: “Samahani dada, naomba nakala ya jibu langu la FNA, daktari ninayekwenda kumwona atalihitaji.” Zipige picha kwa simu siku hiyohiyo. Mgonjwa wa huku kwetu huzunguka: ultrasaundi anapiga Arusha, sindano anachomwa Moshi, ushauri anautafuta kwingine, na karatasi moja ikipotea katikati anarudishwa mwanzo.

Kama kuna karatasi huna, usikate tamaa wala usiache kusoma. Hatua zinazofuata zitakuonyesha ya kuitafuta kwanza.

## Hatua ya 1: Hakikisha unao muda wa kufikiri

Vinundu vya thairoidi ni vingi sana, hasa kwa wanawake, na katika kila kumi, tisa au zaidi si kansa. Hata vile vyenye kansa, vingi hukua polepole. Kwa hiyo wiki chache za kukusanya karatasi kwa kawaida hazikupunguzii nafasi ya kupona.

Lakini zipo dalili zinazokunyima muda huo:

- uvimbe unaokua wiki hadi wiki mpaka watu wanauona;
- sauti iliyokwaruza bila mafua na haijarudi;
- chakula kukwama, au pumzi kutoka kwa mluzi, hasa ukilala chali;
- matezi magumu yanayopapaswa pembeni mwa shingo.

Ukiwa na mojawapo, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda Mawenzi, Mount Meru, KCMC au hospitali kubwa iliyo karibu nawe, ueleze dalili hiyo kwanza kabla ya maelezo mengine yote. Ipo aina moja ya kansa ya tezi hii, anaplastiki, ambayo ni nadra na huwapata zaidi wazee, lakini kwake kila siku ina thamani.

Mwambie daktari hata asipouliza: kama ulipigwa mionzi shingoni au kifuani ukiwa mtoto, kama una umri chini ya miaka 20, na kama ndugu wa damu aliwahi kuwa na kansa ya tezi hii. Hilo la mwisho waulize wazee wa ukoo kwa utulivu. Bibi aliyefariki akiwa na uvimbe wa shingo huenda alikuwa na goita ya kawaida ya milimani, na huenda alikuwa na kitu kingine. Kuna aina inayoitwa medulari ambayo wakati mwingine hurithiwa, na ikishukiwa kuna kipimo cha damu cha kalsitonini kinachofanywa kabla ya kisu.

Tahadhari. Usichue shingo, usichanje chale, usipake dawa za kuunguza. Chumvi yenye madini joto hukinga goita, ila haiyeyushi kinundu kilichokwisha kuota. Kumeza madini joto kwa wingi kunaweza kuivuruga tezi.

Utajua umefaulu ukiwa umepitia orodha hii ya dalili na mtu mwingine, si peke yako mbele ya kioo, na jibu limekuwa hapana kwa zote.

## Hatua ya 2: Isome ultrasaundi yako

Tafuta mambo mawili: ukubwa, na sura. Ukubwa peke yake hautoshi. Kinundu cha sentimita 3 kilichojaa maji kinaweza kuwa salama kuliko cha sentimita 1 kilicho kigumu chenye kingo zilizochongoka.

Sura inayotia shaka ni hii: kinundu ni kigumu chote, kinaonekana cheusi kuliko tezi inayokizunguka, kimesimama kwa urefu kuliko upana, kingo zake hazikunyooka, na ndani kina chembechembe ndogo nyeupe za chokaa. Kadiri sifa hizi zinavyojikusanya ndivyo shaka inavyopanda.

Wataalamu wengi wa picha huzijumlisha kwa mfumo wa TI-RADS, kuanzia 1 hadi 5. Kwa mfumo wa Marekani wa 2017, kinundu cha TI-RADS 5 huchomwa sindano kikifikia sentimita 1, cha 4 kikifikia sentimita 1.5, na cha 3 kikifikia sentimita 2.5. Cha 1 au 2 hakihitaji sindano. Ukiona umeandikiwa operesheni kwa kinundu cha TI-RADS 2 kisichokusumbua kumeza wala kupumua, uliza sababu kabla ya kuuliza bei.

Kama ripoti haina namba ya TI-RADS wala maelezo ya sura, imeandikwa tu “uvimbe wa tezi upande wa kulia”, hiyo haitoshi kufanyia uamuzi. Rudia ultrasaundi kwa mtaalamu wa rediolojia, umwombe aandike sura, vipimo vitatu vya kinundu, na hali ya matezi ya limfu. Kurudia picha ni nafuu kuliko operesheni usiyoihitaji, na pia ni nafuu kuliko kuchelewa kutibu kansa iliyokuwa wazi kwenye picha.

## Hatua ya 3: Pima TSH

Hii ni fupi. TSH ikiwa chini ya kiwango, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachotoa homoni kwa wingi. Vinundu vya namna hiyo ni nadra kuwa kansa, na njia ya kuvishughulikia ni nyingine: kipimo cha picha ya nyuklia kikipatikana, kisha dawa, madini joto ya mionzi (yanayoua chembe za tezi) au upasuaji.

Tahadhari. Mtu mwenye homoni nyingi asipelekwe thieta kabla hazijashushwa kwa dawa. Moyo unaweza kwenda mbio na joto likapanda kiasi cha kuhatarisha maisha. Mapigo yakikusumbua, mikono ikitetemeka, ukikonda huku unakula, sema.

TSH ikiwa ya kawaida au juu, endelea na hatua ya 4.

## Hatua ya 4: Ielewe ripoti ya sindano

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma polepole.

FNA si operesheni. Sindano nyembamba inaingizwa kwenye kinundu, vizuri zaidi ikiongozwa na ultrasaundi, chembe kidogo zinavutwa, zinapakwa kwenye vioo na kusomwa na mtaalamu wa patholojia. Huchukua dakika chache na unarudi nyumbani. Maneno ya mitaani kwamba sindano “inaitawanya kansa” yamewazuia watu wengi kupima, na inaniuma kila ninapoyasikia. Kwa kansa za kawaida za tezi hii, hatari hiyo ni ndogo mno kulinganisha na hasara ya kukatwa bila kujua, au kukaa nayo bila kujua.

Jibu huja kwa namba ya Bethesda. Hizi hapa, pamoja na wastani wa uwezekano wa kansa uliotolewa kwenye toleo la 2023 la mfumo huo:

- I: chembe hazikutosha kusomwa. Asilimia 13.
- II: si kansa. Asilimia 4.
- III: chembe zina mabadiliko yasiyoeleweka. Asilimia 22.
- IV: uvimbe wa folikula, yaani vifuko vidogo vya tezi vinavyotoa homoni. Asilimia 30.
- V: inashukiwa sana kuwa kansa. Asilimia 74.
- VI: kansa. Asilimia 97.

Sasa angalia “inatia shaka” inaweza kubeba nini. Mtu wa III na mtu wa V wote wanaweza kutoka kliniki wakiwa wameambiwa sindano inatia shaka. Wa kwanza ana nafasi nzuri kwamba hana kansa kabisa. Wa pili ana uwezekano mkubwa kwamba anayo. Ukiwapa ushauri mmoja, mmoja wao umemwonea. Ndiyo maana ninasisitiza namba, na ndiyo maana “daktari alisema si nzuri” haitoshi.

Ukiwa I, rudia sindano, safari hii ikiongozwa na ultrasaundi kama ya kwanza haikuongozwa. Mara nyingi ya pili hutoa jibu. Usikubali kukatwa tezi kwa sababu tu chembe hazikutosha, isipokuwa picha ni mbaya sana au sindano imerudiwa na bado haisemi.

Ukiwa II, kwa kawaida hakuna kisu, isipokuwa kinundu kinabana koo au kimekuwa kikubwa. Hata hivyo, kama picha ilikuwa TI-RADS 5 na sindano inasema II, karatasi hizo mbili zinagombana. Rudia ultrasaundi na sindano ndani ya miezi 12.

Ukiwa III, una njia tatu za halali: kurudia sindano, kufuatilia kwa ultrasaundi, au kutoa nusu ya tezi ili kupata jibu la uhakika. Picha ndiyo inayoamua hapa. Kinundu cha III chenye sura nzuri kinaweza kusubiri. Cha III chenye TI-RADS 5 kinasogea upande wa upasuaji. Nchi tajiri huongeza vipimo vya vinasaba kwenye III na IV. Usipovipata, uamuzi bado unawezekana kwa picha, sindano ya pili na mazungumzo.

Ukiwa IV, ipo sababu maalumu ya kwenda thieta, na ni vizuri kuielewa. Kansa ya folikula hutofautishwa na uvimbe wa kawaida wa folikula kwa jambo moja: imevunja ganda lake au imeingia kwenye mishipa ya damu. Sindano haioni ganda. Ni sawa na kuchuma majani machache ya mkahawa na kutaka yakwambie kama shamba limevuka mpaka wa jirani. Kwa hiyo kurudia sindano mara nyingi hakuongezi kitu. Kinachotoa jibu ni kuutoa upande huo na kuusoma mzima. Kansa ya folikula huonekana kwa wingi zaidi sehemu zenye upungufu wa madini joto, na sisi wa milimani tusiipuuze.

Ukiwa V au VI, mazungumzo si tena “nikatwe au nisikatwe” kwa walio wengi. Ni “kiasi gani, nani, lini”. Nafuu ipo: kansa ya papilari, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, hutibika vizuri na wengi wanaotibiwa mapema huishi miaka mingi.

Kwa papilari ndogo isiyozidi sentimita 1, isiyogusa bomba la hewa wala mshipa wa fahamu wa sauti, na isiyofika kwenye matezi ya limfu, kuna njia ya kufuatilia bila kukata. Madaktari wa Kuma Hospital, Kobe, Japani, waliianza mwaka 1993, na wagonjwa wengi walioichagua hawakuhitaji kisu kwa miaka mingi. Inadai ultrasaundi nzuri kila miezi sita mwanzoni, kisha kila mwaka. Kama unajua kwamba hutarudi, usiichague.

Maoni ya pili. Vioo vya sindano huhifadhiwa. Unaweza kuomba visomwe tena na mtaalamu mwingine wa patholojia bila wewe kuchomwa upya. Kwa III, IV na V ningefanya hivyo kama njia ipo.

Utajua umefaulu ukiweza kusema: “Kinundu changu kina sentimita kadhaa, TI-RADS yake ni hii, Bethesda yake ni hii, na uwezekano wa kansa uko karibu na asilimia hizi.”

## Hatua ya 5: Nusu ya tezi, au yote?

Swali hili ni zito kuliko lile la kukubali au kukataa, na mara nyingi mgonjwa haulizwi kwa sababu hajui kwamba lipo.

Kutoa nusu ni kuondoa upande wenye kinundu. Upande uliobaki mara nyingi unatosha kutoa homoni, ingawa karibu mtu mmoja kati ya wanne huishia kuhitaji vidonge vya homoni. Mshipa wa fahamu wa sauti unaoguswa ni wa upande mmoja, na tezi ndogo za parathairoidi zinazotunza kalsiamu za upande wa pili haziguswi. Kwa III na IV hii ndiyo operesheni ya kawaida.

Ubaya wake: jibu la patholojia likirudi kansa yenye sura ya hatari, huenda ukaitwa tena kutoa upande wa pili.

Kutoa yote kunahitajika zaidi pale kansa inapozidi sentimita 4, imetoka nje ya tezi, imefika kwenye matezi ya limfu, au pande zote mbili zina ugonjwa. Kunahitajika pia kama utakunywa madini joto ya mionzi baadaye, kwa sababu matibabu hayo hayafanyi kazi vizuri nusu ya tezi ikiwa bado ipo. Kwa matibabu hayo wagonjwa hupelekwa hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa hiyo weka safari hiyo kwenye hesabu.

Gharama yake mwilini: utameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, kila asubuhi maisha yako yote, na hatari za kalsiamu na sauti zinapanda kwa sababu pande zote mbili zimeguswa.

Kwa kansa ya kati ya sentimita 1 na 4 ambayo haijatoka nje ya tezi, njia zote mbili zinakubalika. Hapo maoni yako yana uzito, na ningependa uyaseme. Mtu anayeishi mbali na duka la dawa, au asiye na uhakika wa kununua vidonge mwezi hadi mwezi, ana sababu ya kweli ya kuuliza kuhusu nusu. Bila homoni mwili unazidi kupoa, moyo unakuwa mzito, na mtu hudhoofika hadi kufa.

## Hatua ya 6: Kaa na daktari wa upasuaji

Tezi hii hufanyiwa upasuaji na daktari bingwa wa upasuaji wa jumla au wa masikio, pua na koo. Cheo ni jambo moja. Mazoezi ya mkono ni jambo jingine. Utafiti wa Marekani wa 2017 ulionyesha kwamba matatizo hupungua kwa daktari anayefanya operesheni hizi zaidi ya 25 kwa mwaka.

Watu wetu huona aibu kumuuliza daktari. Kuuliza kwa heshima si kumdharau:

- “Shikamoo daktari. Naomba kujua, operesheni za tezi hii unafanya ngapi kwa mwaka?”
- “Mnatoa nusu au yote, na kwa nini kwangu mimi?”
- “Sauti yangu itapimwa kabla na baada?”
- “Kalsiamu ikishuka usiku, hapa wodini kuna dawa ya mshipa?”
- “Kilichotolewa kitapelekwa patholojia wapi, na jibu linakuja baada ya muda gani?”

Swali la sauti ni la lazima. Kabla ya operesheni, nyuzi za sauti ziangaliwe kwa kamera ya koo, hasa kama sauti imebadilika au uliwahi kukatwa shingoni. Kama upande mmoja ulikuwa umelala, yaani umepooza, tangu mwanzo, daktari lazima ajue kabla ya kugusa upande wa pili. Zikilala zote mbili, njia ya hewa inaweza kuziba.

Hatari mwambie azitaje kwa namba zake mwenyewe. Mikononi mwa waliozoea, sauti kuharibika moja kwa moja hutokea kwa karibu asilimia 1 au 2. Kutokwa damu ndani ya shingo hutokea kwa karibu asilimia 1, na zaidi ndani ya saa 24 za kwanza. Kalsiamu kushuka kwa muda ni jambo la kawaida baada ya kutoa tezi yote. Kushuka kwa kudumu huwapata wachache.

Daktari akiudhika kwa maswali haya, tafuta mwingine. Kati ya Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi; kwenda kusikia maoni ya pili na kurudi ni safari ya siku moja.

Tahadhari. Maoni ya pili ni jambo moja, maoni mengi ni jambo jingine. Anayezunguka kwa daktari wa nne au wa tano mara nyingi anatafuta atakayemwambia hana kitu.

## Hatua ya 7: Weka maisha yako mezani

Karatasi zimeshasema. Sasa jiulize mambo ambayo karatasi haziyajui.

Sauti ni kazi yako? Mwalimu, mwanakwaya wa sauti ya kwanza, muongoza watalii, mama anayeuza sokoni Mbuyuni au Kilombero. Hata mshipa mkubwa wa fahamu wa sauti ukipona, kuna mwingine mdogo unaobeba sauti za juu na nguvu ya kupaza. Mwambie daktari unaishi kwa sauti, ajue.

Una mimba, au unaipanga? Ultrasaundi na sindano ni salama wakati wa mimba. Operesheni mara nyingi husubiri mpaka ujifungue. Isipoweza kusubiri hufanywa katikati ya mimba. Madini joto ya mionzi hayatolewi kabisa kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na baada yake mwanamke huambiwa asishike mimba kwa angalau miezi sita.

Bima inalipa nini? Ofisi ya bima ya hospitali husika iulize kabla ya tarehe: je, operesheni, patholojia na dawa za baadaye zimo? Rufaa inatakiwa itoke ngazi gani? Uliza pia bima yako inaishia ngazi gani ya hospitali. Sehemu ambayo familia husahau kuichangia ni patholojia na vipimo vya TSH vya baadaye, kwa kuwa mchango wote huelekezwa kwenye siku ya thieta.

Nani anaamua? Kikao cha ukoo kina baraka zake: watachangia fedha, watakuja kuchangia damu, watakulelea watoto. Lakini shingo ni yako. Nimeona uamuzi ukisukumwa mpaka Desemba ili ukoo wote uwe umepanda nyumbani. Kwa Bethesda III yenye sura nzuri hilo halina shida. Kwa V inayokua, pigeni simu.

## Hatua ya 8: Toa jibu lenye tarehe

“Nitafikiria” ni jibu linalopoteza watu. Kila uamuzi uwe na siku iliyoandikwa.

Ukikataa kwa sasa, mwombe daktari aandike kwenye kadi: ultrasaundi inayofuata ni lini, na kitu gani kitabadilisha mpango. Kipimo cha kukua kinajulikana: kinundu kikiongezeka kwa asilimia 20 katika vipimo viwili, na si chini ya milimita 2, kimekua kweli. Tofauti ya milimita 1 inaweza kuwa ya mkono wa mpimaji tu. Jitahidi urudi kwenye mashine ileile.

Ukikubali, andika: nusu au yote, na nani, wapi, tarehe gani.

Utajua umefaulu kama uliyekwenda naye kliniki anaweza kurudia uamuzi wako bila kukosea.

## Hatua ya 9: Kama umekubali, jiandae hivi

Kabla: taja aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda na mitishamba yote, kwa sababu nyingine huongeza kutokwa damu. Usiziache mwenyewe, uambiwe lini. Ulizia levothairoksini kwenye maduka ya dawa ya karibu, ujue inapatikana na kwa bei gani kabla ya tezi kutoka.

Baada: usikimbilie kurudi nyumbani. Kama unatoka Karatu, Monduli au Rombo, panga kulala karibu na hospitali siku mbili tatu baada ya kuruhusiwa. Shingo ikivimba ghafla, ikabana, au pumzi ikawa ngumu, hiyo ni dharura ya dakika. Ganzi kuzunguka midomo na kwenye vidole, au misuli kukaza, ni dalili ya kalsiamu kushuka, na hutokea zaidi siku ya kwanza hadi ya tatu. Rudi hospitali, usinywe maziwa ukasubiri.

Kumeza kutauma siku chache. Mtori uliolainishwa vizuri na uji vinapita kirahisi. Mkungu wa ndizi na ndoo ya maji kichwani viache mpaka daktari akuruhusu.

Levothairoksini inamezwa asubuhi na maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya maziwa au kahawa. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vikae mbali nayo kwa saa 4. Hili ndilo kosa linalofanya TSH igome kushuka, na daktari anaongeza dozi bure. TSH hupimwa baada ya wiki 6 hadi 8.

Mwisho, fuata jibu la patholojia wewe mwenyewe. Wengi hupona kidonda na hawarudi tena, ilhali karatasi hiyo ndiyo inayosema kama kazi imekwisha. Likisema si kansa, uliza TSH ipimwe lini tena. Likisema kansa, uliza maswali matatu papo hapo: ni aina gani, imevunja ganda au kuingia kwenye mishipa, na je, nusu iliyobaki inabaki au inatoka. Nenda na daftari lako, na yule mtu uliyeingia naye mara ya kwanza.